Taka mbichi zibaki uani

Kila yanapoanza mazungumzo ya kutenganisha taka majumbani, tunaletewa picha ileile: madebe matatu ya rangi, moja la karatasi, moja la plastiki, moja la chupa. Kwa miji kama Mtwara na Lindi mpango huo unaanzia mkiani. Kinachotupwa na nyumba nyingi za huku kwa uzito si plastiki wala karatasi. Zaidi ya nusu ni maganda ya muhogo, machicha ya nazi, vijiti vya matembele, matumbo ya samaki na ugali uliolala. Halafu viwanda vikubwa vya kurejeleza plastiki viko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara. Chupa tupu inajaza lori kabla lori halijapata uzito. Mnunuzi analipia nafasi hiyo kwanza ndipo alipe chupa yako, kwa hiyo anayengoja bei ya Dar ili aanze kutenganisha atangoja sana.

Mimi nasema tuanze na ndoo mbili, moja ya taka mbichi zinazooza na moja ya kavu, na sharti moja: taka mbichi hazivuki uzio. Zikibaki uani na kuozeshwa ziwe mboji, yaani mbolea, zile kavu zinazosalia zinakuwa chache, hazinuki, hazivuti nzi wala paka, na unaweza kukaa nazo wiki mbili bila kugombana na jirani. Na ile hoja ya kila siku, kwamba "mimi nitenganishe halafu gari lije lichanganye", inakosa nguvu, maana hakuna tena cha kuchanganya. Kilichooza hakikutoka nyumbani kwako.

Kabla ya ndoo, tutazame fagio. Ua wa mchanga unafagiwa kila asubuhi kwa fagio la chelewa, na majani ya mwembe, vipande vya mkaa na mchanga vinazolewa pamoja na kumiminwa kwenye kiroba cha taka. Jaribu kukinyanyua kiroba hicho. Sehemu kubwa ya uzito wake ni mchanga, na mzoa taka ameubeba bure. Huo mchanga ukiingia kwenye mboji unajaza nafasi za hewa na kuigeuza tope. Penye majani mengi tumia reki, au ukishazoa chekecha kwa kipande cha wavu wa kuku: mchanga unarudi chini, majani yanabaki mkononi. Usiyatupe, ndiyo bidhaa utakayoihitaji kuliko zote. Yajaze kwenye mfuko kuukuu wa salfeti na uyaweke pasiponyesha.

Sasa hesabu. Familia ya watu watano inayopika nyumbani inaweza kutoa kilo moja hadi mbili za taka mbichi kwa siku. Ndoo ya rangi ya lita 20 itajaa ndani ya siku kumi hivi, ndiyo maana wapangaji wengi wanaoanza na ndoo moja wanakata tamaa mapema. Ndoo ni ya jikoni tu, yenye mfuniko, inayomwagwa kila siku au siku ya pili. Kazi yenyewe ifanyike kwenye salfeti kadhaa za kilo 50, moja ikijazwa, nyingine zikiiva. Zisimamishe juu ya matofali ili maji yachuruzike, kivulini, mbali na mlango wa jirani. Kwa mifuko ya salfeti huhitaji kutoboa sana, hewa inapita kwenye ufumaji. Matundu machache ya msumari chini yanatosha.

Mpango wake hauna uchawi. Chini weka majani makavu kina cha kiganja. Kila ukimwaga ndoo moja ya mbichi, funika kwa ndoo mbili za makavu: majani yaliyopondwa, maranda ya fundi seremala, boksi lililochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja baada ya kubandua gundi ya plastiki. Majani ya mkorosho na mwembe ni magumu na yana nta, yakiingia mazima utayakuta mazima miezi sita baadaye. Yaponde kwa miguu ndani ya salfeti kabla ya kuyatumia. Kila baada ya siku saba hadi kumi geuza kwa kumwaga yote na kurudisha, ya nje yakiingia ndani. Kwa joto la pwani, ukigeuza bila uvivu, mboji iko tayari kwa miezi mitatu hivi: nyeusi, inanukia udongo baada ya mvua, na hutambui tena lipi lilikuwa ganda na lipi jani.

Kipimo cha unyevu ni mkono. Kamata konzi, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza makavu na ugeuze siku hiyohiyo. Pasipotoka kitu na konzi ikasambaratika, nyunyiza maji uliyooshea mchele. Harufu ya mayai viza maana yake hewa haipiti. Harufu kali ya mkojo maana yake umezidisha mbichi au mavi ya kuku. Mchwa wakiingia, mboji imekauka, na huku kwetu mchwa hawakawii. Mafunza si balaa, yanakuambia tu kwamba chakula kimeachwa wazi juu. Yachimbue, kuku watamaliza.

Mwenye ua mkubwa achimbe shimo la mita moja kwa mita moja, kina kisichozidi magoti mawili, mbali na kisima na choo. Ila shimo ni la kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba linatunza unyevu ambao mchanga wetu hauwezi kuutunza. Mvua zikishika Desemba, shimo lilelile linakuwa birika la maji meusi yanayonuka, na ndipo watu wanaposema mboji imewashinda. Msimu wa mvua mboji ikae juu ya ardhi, rundo la urefu wa kiuno, limefunikwa kwa makuti au turubai lililolegezwa pembeni. Kwa nyumba za karibu na bahari, ambako maji yako juu, shimo lisahauliwe mwaka mzima.

Kuna taka za huku zenye tabia zao, na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya miji ya mbali hauzitaji. Machicha ya nazi yana mafuta, yakitupwa bonge moja yanachacha na kufanya ukoko usiopitisha hewa. Yatawanye mkono kwa mkono, au wape kuku siku hiyohiyo kabla hayajachacha. Makumbi yasiingie kabisa, yatakaa miaka; yatandaze kuzunguka shina la mgomba au mpapai yakinge jua, au washia moto. Maganda ya muhogo mchungu usimpe mbuzi yakiwa mabichi, yana sumu. Yaanike mpaka yakatike yenyewe, ndipo aonjeshwe kidogo. Matumbo na magamba ya samaki hayatakiwi kwenye salfeti ya mpangaji, harufu itakufukuzisha. Yafukie kina cha mkono mzima, yaani sentimita 50, chini ya mgomba, kisha weka jiwe juu, maana mbwa na kenge wana pua kuliko sisi. Na mabaki ya bunju, samaki mwenye sumu, usimrushie paka wala kuku, hata kama yametupwa bure sokoni.

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanastahili maneno yake. Kuanzia Oktoba yanaanguka kwa wingi kuliko uwezo wa kuyala au kuyakausha, na ni maji matupu yenye uchachu. Ndoo moja ya mabibo inataka makavu ndoo tatu, si mbili, pamoja na konzi moja ya majivu ya kuni kupunguza ukali. Yasipofunikwa, ndani ya siku mbili una pombe, nzi wadogo na nyuki. Maganda ya korosho zenyewe ni habari nyingine. Mafuta yake yanaunguza ngozi na hayaozi kirahisi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Anayebangua nyumbani asiyatie kwenye mboji wala kuyawashia jiko la ndani.

Vifuu na makopo yakiachwa uani mdomo juu, mvua moja inatosha kuyafanya vitalu vya mbu. Mbu wa homa za dengue na chikungunya hupenda maji safi ya vyombo vidogo kama hivyo, na huhitaji wiki moja tu na ushee kutoka yai hadi kuruka. Si habari ya kusoma vitabuni kwa watu wa kusini: mlipuko wa 1952 uliowafanya madaktari waitambue chikungunya ulitokea hapahapa, uwanda wa Makonde. Kwa hiyo vifuu vilazwe kifudifudi, au viende kwenye jiko. Vinawaka vizuri kuliko mkaa wa magendo.

Tuje kwenye kavu, ambako sitakaa sana. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu kumi na kitu, kwa hiyo kilo moja ni chupa hamsini hadi themanini. Peke yako utachoka kusubiri. Nyumba nne tano za mtaa mmoja zikikusanya kwenye salfeti moja, mnunuzi wa skrepa atakuja mwenyewe na mizani. Suuza kwa maji ya mwisho ya vyombo, usipoteze maji safi. Ikanyage, kisha funga kifuniko ili isivimbe tena, lakini muulize mnunuzi kwanza, kwa kuwa wengine wanataka vifuniko kando. Wana sababu: chupa na kifuniko ni plastiki mbili tofauti, moja inazama majini, nyingine inaelea. Chupa ya mafuta ya kula isiyosafishwa inaharibu fungu zima. Makopo ya vinywaji yapitishie sumaku ya spika mbovu: yasiyonaswa ni alumini, yaweke peke yake, ndiyo yenye bei.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mitaa inafagiwa na kisha taka zinachomwa. Nadhani tunaharibu asubuhi nzuri. Moto wa uani ni wa joto dogo, hauteketezi plastiki, unaigeuza moshi. Vipande vya mabomba ya plastiki na maganda ya nyaya mara nyingi vina klorini, na vikiungua hivyo hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili miaka mingi. Kibaya zaidi, majivu ya moto huo humwagwa kwenye tuta la mchicha kwa imani kwamba ni mbolea. Majivu ya kuni, ndiyo, kwa kiasi. Majivu ya taka mchanganyiko, hapana.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na tofauti inaonekana. Lakini ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa nayo ni plastiki. Ukiiacha juani inapukutika kuwa nyuzi zisizookoteka. Uzuri wake ni kurudiwa mara nyingi. Anayenunua mpya kila akienda sokoni hajapunguza kitu. Kwa samaki ndoo ndogo yenye mfuniko, kwa nazi na mihogo pakacha, kwa mafuta chupa yako ileile unayopimiwa dukani.

Ila kama kuna mahali pa kupunguza mzigo kwa siku moja, ni kwenye shughuli. Harusi, maulidi au unyago wa watu mia tatu, kila mtu chupa mbili za maji, ni chupa mia sita, nyingi zikiwa zimenywewa nusu. Mapipa mawili yenye bomba, maji yaliyochemshwa na kupoa, vikombe vya kukodi pamoja na masinia, na vijana wawili wa kuosha. Gharama inapungua pia, jambo ambalo kamati ya maandalizi inalielewa upesi kuliko habari za mazingira. Maboksi meupe ya kufungia chakula yasiagizwe. Hayana mnunuzi na hayaozi.

Vinabaki vichache visivyo na njia nzuri. Pampasi haziozi, kinyesi kikimwagwa chooni zikafungwa vizuri, ziende kwenye gari la taka, na mchana mtoto avae nepi za kitambaa. Betri za tochi na taa zilizoungua zikae kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto, zisiingie kwenye mboji wala moto. Betri kubwa ya sola irudishwe unaponunulia mpya. Isifunguliwe kumwaga tindikali. Na kwa wenye mikorosho: mfuko wa dawa ya salfa hauwi mfuko wa unga hata ukifuliwa mara ngapi, na chupa ya kiuatilifu haiwi ya kuwekea mafuta ya taa. Suuza mara tatu, mimina maji hayo kwenye bomba la kupulizia yaishie shambani, kisha itoboe kitako ili asipatikane wa kuiokota na kuichotea maji.