Faini ya Njoo Kesho

Jamani, kuna wenzetu wanafaidi. Huko India, jimbo la Madhya Pradesh lilitunga sheria mwaka 2010: huduma za serikali zilizotajwa zimepangiwa siku. Siku zikipita bila sababu ya maana, ofisa anapigwa faini ya rupia 250 kwa kila siku ya kuchelewa, mwisho 5,000, na fedha hizo anaweza kupewa mwombaji. Kwa jinsi nilivyosota, mimi saa hizi ningekuwa naezeka nyumba.

Sisi tuna mkataba wa huduma kwa mteja. Ofisi ninayoisotea wameubandika kwenye mlango, upande wa nje. Mlango ukifunguliwa unaegemea ukuta, maandishi yanajificha. Wakishafunga ofisi ndipo unasoma kwa raha zako kwamba utahudumiwa ndani ya siku saba.

Ukiingia, mtandao uko chini. Mtandao ukirudi, faili limeondoka.

"Kijana, barua yangu vipi?"

"Ipo kwenye mchakato, mzee wangu. Njoo kesho."

Huo mchakato ningejua unakaa wapi, ningeufuata mwenyewe.

Na India nako si kote kutamu. Sheria ya Delhi iliweka rupia 10 kwa siku, mwisho 200. Kwa bei hiyo si ofisa analipa kabisa mapema, aendelee na chai yake? Serikali kuu nayo ikapeleka bungeni muswada wa nchi nzima mwaka 2011. Ukakaa. Ukakaa tena. Mwaka 2014 bunge likavunjwa, muswada ukafa nalo. Muswada wa kuharakisha mambo, umefia foleni! Hapo ndipo nilipowatambua kuwa ni ndugu zangu wa damu.

Juzi nikamsimulia yule kijana habari za faini, nimtie joto kidogo. Akasikiliza kwa makini ambayo barua yangu haijawahi kuyapata.

"Sasa mzee, hizo siku zinahesabiwa kuanzia lini?"

"Tangu maombi yapokelewe."

"Basi yako hatujayapokea. Uliyaacha tu hapa. Hayana mhuri."

"Si ugonge!"

"Mhuri uko kwenye droo ya bosi."

"Ufunguo?"

"Kaondoka nao. Yuko semina wiki nzima."

"Semina ya nini?"

"Huduma bora kwa wateja."