Wachungaji Wetu Wafundishwe Kukaa Mkekani

Wiki nne zilizopita nilikuwa msibani, kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, juu ya mji wa Moshi, na tangu siku ile moyo wangu haujatulia. Marehemu alikuwa jirani yetu wa miaka mingi. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wetu, akafiwa na mke wake wa kwanza, kisha akasilimu na kumwoa mama Mwislamu ambaye alimuuguza hadi alipofumba macho. Asubuhi ya mazishi, chini ya mparachichi, kulikuwa na sanduku la mninga lililokuwa bado linanukia vanishi, na hatua chache kutoka hapo, juu ya kiti cha plastiki, kulikuwa na sanda nyeupe iliyokunjwa vizuri pamoja na pamba na kafuri. Maiti ilikuwa moja.

Watoto wa mke wa kwanza walitaka ibada ya Kikristo, tena walitaka dada yao asubiriwe, kwa kuwa alikuwa bado njiani kutoka Mwanza. Upande wa mjane ulitaka marehemu aoshwe, aswaliwe na azikwe mapema, kama dini yake inavyoagiza. Mchungaji wetu, kijana mwenye bidii ambaye ninampenda, alifika akiwa na kitabu chake cha ibada, akapewa kipaza sauti, na jambo la kwanza alilotamka ni kwamba marehemu jina lake limo katika daftari la usharika na kanisa halimwachi mtu wake. Alisema kweli kwa jinsi anavyoielewa, lakini alitia petroli motoni. Vijana waliokuwa getini walianza kusukumana, na mmoja wao akashika beleshi lililoletwa kwa ajili ya kaburi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona mishipa ya mkono wake.

Aliyetuokoa ni sheikh, mzee ambaye kwa muda wote huo hakuwa amesema neno. Alivua makubazi yake, akaenda kuketi mkekani walipokuwa akina mama wa ukoo, kando ya dada mkubwa wa marehemu, ambaye sisi sote tunamwita Shangazi. Hakumwambia lolote kuhusu dini. Alimpa pole, akanyamaza, akamwacha alie, na baada ya muda mrefu akamuuliza, "Dada yangu, ndugu yako alikuwa akikwambia nini kuhusu siku kama hii?" Shangazi alijifuta machozi kwa ncha ya kanga akajibu, "Alitaka alale karibu na mama yetu, hapa kihambani. Mengine hakuyasema." Kutokana na jibu hilo moja mambo yakaanza kufunguka: kaburi likawa kihambani karibu na la mama yao, marehemu akavikwa sanda na kuswaliwa, binti wa Mwanza akasubiriwa hadi alasiri, na kwaya ikaimba uani baada ya dua. Sanduku lilirudishwa kwa fundi jioni ile likiwa tupu.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa juu ya mchungaji, ilikuwa juu ya mafunzo aliyopewa. Siku chache baadaye nilimtembelea, nikamuuliza alisoma nini chuoni kuhusu mambo haya. Alinieleza, bila kuficha, kwamba katika miaka yake yote ya theolojia alisoma Kigiriki, historia ya kanisa, jinsi ya kuandaa mahubiri na jinsi ya kusimamia fedha za usharika. Kuhusu Uislamu alipata kozi moja, na ndani yake alifundishwa zaidi namna ya kujibu hoja. Hakuwahi kuingia katika uwanja wa msikiti, na hakuwahi kukaa na sheikh wakanywa chai. Mtu wa namna hiyo tunamweka wakfu, tunamkabidhi usharika wenye koo zilizochanganyika dini mbili na tatu, halafu tunashangaa anapouona msiba kama shindano la nani atamchukua maiti.

Nitaambiwa kwamba semina za amani zipo. Ni kweli zipo, na nakiri kwamba kamati za amani za viongozi wa dini zimewahi kutuliza watu katika nyakati mbaya, kwa sababu waumini wanapomwona askofu na sheikh wamesimama pamoja, jambo hilo lina uzito wake. Lakini semina ya siku mbili hotelini, yenye mada za kusikiliza, posho na tamko la pamoja, haiwezi kumfundisha mtu afanye nini pale kijana aliye mbele yake ameshika beleshi. Upatanishi ni kazi, na kazi hujifunzwa kwa kuifanya chini ya macho ya anayeijua.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta namna ya kuifundisha. Hapa hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, wachungaji wamekuwa wakija kwa miaka mingi kujifunza uchungaji wa hospitalini. Mchungaji hukaa kando ya kitanda cha mgonjwa, akitoka huandika mazungumzo yao neno kwa neno, kisha wenzake pamoja na mwalimu huyachambua: hapa ulimkatiza, hapa ulimhubiria wakati alitaka kulia tu, hapa uliogopa ukabadilisha mazungumzo. Kozi hiyo inaumiza, kwa kuwa mtu anajiona alivyo. Ninachodai ni kwamba kila anayesomea uchungaji au upadri apitie mafunzo ya namna hiyo hiyo katika migogoro. Akae miezi kadhaa akiwafuata wazee wa ukoo, baraza la kata na masheikh wanapoitwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, wa ndoa ya mchanganyiko, wa mazishi, wa kipaza sauti cha mkesha kilichoelekezwa msikitini. Aandike alichokisikia na alichokisema, na wanaomchambua wawemo Waislamu, kwa sababu wao ndio watakaomwambia neno lake lilivyosikika upande wa pili. Sheikh wetu alikifikia kipaji kile kwa kuitwa kwenye magomvi ya watu kwa zaidi ya miaka 30. Usharika hauwezi kumsubiri kijana wa miaka 29 kwa muda wote huo, na kazi ya mafunzo ni kumfupishia njia.

Nashindwa kuelewa jinsi sisi watu wa kaskazini tunavyoweza kulichukulia jambo hili kuwa la ziada. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyowahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilikaa Arusha, kilomita kama 80 kutoka hapa, na ni pale ambapo mwaka 2003 mchungaji Elizaphan Ntakirutimana alihukumiwa kifungo cha miaka 10, na mwaka 2006 padri Athanase Seromba akahukumiwa miaka 15, ambayo rufaa ya mwaka 2008 iliigeuza kuwa kifungo cha maisha, kwa sababu ya kanisa la Nyange lililobomolewa kwa tingatinga juu ya Watutsi waliokimbilia ndani yake. Yale hayakuwa mapigano ya dini mbili, lakini wale walikuwa watu waliowekewa mikono kama wetu, na kuwekewa mikono hakukutosha. Kisha ukaja mwaka 2013 hapa kwetu. Mwezi Februari, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi kuhusu nani achinje nyama ulimalizika kwa kuuawa kwa mchungaji. Tarehe 5 Mei bomu lilirushwa kwa waumini wa Olasiti, Arusha, siku ya uzinduzi wa parokia yao, na watu watatu walipoteza maisha. Mafunzo ya mchungaji yasingeweza kumzuia mrusha bomu, hilo nalikubali. Lile la Buseresere lilianza buchani, kati ya watu wanaofahamiana, na ni katika mambo ya buchani ambapo mchungaji na sheikh waliozoeana wana nafasi ya kufika mapema.

Kwamba inawezekana, Wanigeria wametuonyesha. Mchungaji James Wuye na Imamu Muhammad Ashafa wa Kaduna walikuwa maadui hasa. Katika mapigano ya mwaka 1992 Wuye alipoteza mkono wake, na Ashafa akampoteza mwalimu wake wa kiroho pamoja na jamaa zake wawili. Tangu mwaka 1995 wamekuwa wakifanya kazi pamoja, wakiwafundisha vijana na viongozi wa dini upatanishi. Watu waliotoka mbali namna ile waliweza kuketi meza moja. Sisi tunaoazimana sufuria za sherehe tunaogopa nini?

Wapo wanaoogopa kwamba padri au mchungaji akifundishwa haya ataichanganya imani. Nawaomba wamfikirie yule sheikh. Hakulegeza hata nukta moja ya dini yake: maiti iliswaliwa na sanda ikavikwa. Alichokubali ni kusubiri, kusikiliza, na kumpa Shangazi heshima ya kuulizwa kwanza.

Arobaini ya marehemu iko karibu, na hadi ninapoandika haya watoto wa mke wa kwanza hawajarudi kumsalimia mjane. Mchungaji ameniuliza kama inafaa aende. Nimemwambia aende mapema, kabla watu hawajajaa, amwamkie sheikh kwanza, avue viatu, aketi mkekani kando ya Shangazi, na akipewa kipaza sauti akirudishe.