Bosi Amejifungia Ndani

Hoteli ilikuwa imekubali mbwa. Ila hakuna aliyemuuliza mbwa kama naye ameikubali hoteli.

Karatasi zote zilikuwa sawa: cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, ada ya usafi, sahihi yangu kwamba sitamwacha chumbani peke yake. Tukapewa chumba kwenye ghorofa ambayo wageni wote wenye mbwa huwekwa pamoja, mpango wa busara kabisa mpaka mmoja wao abweke. Mbwa wangu anaitwa Bosi, kwa sababu nyumbani ndiye anayeamua nani akae wapi kwenye kochi. Lifti aliigomea, ikabidi nimbebe kilo zake zote 32. Humo ndani akamwona kwenye kioo mbwa mwingine aliyebebwa, akageuza uso kwa dharau.

Chumbani alianza na zulia. Alilinusa toka mlangoni hadi uvunguni mwa kitanda, polepole, kama mzee anayesoma matangazo ya vifo gazetini. Mbwa waliolala humo kabla yake walikuwa wameacha habari zao zote, na nyingine nadhani hazikumpendeza.

Usiku ndipo shughuli ilipoanza. Sikio la binadamu linaishia kwenye sauti nyembamba za hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika 45,000, tena hunasa hata sauti hafifu zinazotupita sisi. Kwa hiyo mimi nilisikia kimya, Bosi akasikia mtu anavua viatu chumba cha nne kutoka chetu. Akabweka. Chumba cha jirani kikajibu. Cha mbele kikadakia. Mwisho wa korido kukawa na kisauti chembamba, kikali, kisichojua kunyamaza. Ghorofa nzima ikachangia mada.

Nikafungua mlango nichungulie nani anapita. Nilitoa kichwa, kisha mguu mmoja, kisha, sijui ilikuwaje, nikajikuta niko koridoni mzima mzima. Milango ya hoteli hujifunga yenyewe. Ukajifunga. Nilikuwa na gauni la kulalia na ndala moja, na kadi yangu ilikuwa imechomekwa ukutani kule ndani, inawasha taa. Bosi akaurukia mlango anifuate. Nikasikia kucha zinakwaruza kwenye komeo la kuzungusha, halafu: ka-cha!

Nikashuka mapokezi hivyohivyo. Zamu ilikuwa imebadilika. Kijana niliyemkuta hakutuona tukiingia. Akapanda na kadi ya akiba, akaigusisha mlangoni. Taa nyekundu.

"Dada, pamefungwa kwa ndani. Kuna mtu?"

"Kuna Bosi."

"Ahaa." Akashusha sauti kwa adabu. "Ngoja nimpigie."

Akatoa simu yake, akapiga ya chumbani. Ikalia mara mbili, kikafuata kishindo cha kitu kuanguka, kisha kimya. Kijana akabana simu sikioni, macho yakamtoka.

"Amepokea," akaninong'oneza. "Ila hasemi kitu. Anahema tu."

"Kaka, huyo ni mbwa."

Akaiziba simu kwa kiganja haraka. "Dada, usimtukane! Anasikia!"

Wakati huo mlango wa mwisho wa korido ukafunguka, akatoka mama mmoja mtu mzima, amekumbatia kambwa kadogo, ndiko kale kenye kisauti. Akauliza kuna nini. Kabla sijafungua mdomo kijana akamweleza: bosi wa huyu dada amejifungia ndani, hataki kutoka, na nguo zote za dada zimo humo. Mama akanitazama. Akaitazama ndala yangu moja. "Wanaume!" akasema, akarudi ndani na kambwa kake.

Kijana ikabidi akaifuate ile kadi ya dharura, inayofungua hata komeo likiwa limefungwa. Tulipoingia tulimkuta Bosi amelala kwenye mto wangu, mkono wa simu uko kando ya pua yake. Kijana akamwangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe kweli ni mbwa," akasema, halafu ndipo akakata simu.

Asubuhi tuko mapokezi tunarudisha kadi, huyo hapo mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanivuta pembeni. "Sikiliza. Kazi ziko nyingi duniani. Bosi wa namna ile, mwache."

Nilipiga hesabu ya maelezo yote ambayo ningepaswa kutoa, tangu lifti mpaka simu. Nikasema, "Nimekuelewa, mama."

Akainama, akamkuna Bosi nyuma ya masikio. Bosi akafumba macho kwa raha.

"Afadhali una huyu wa kukulinda. Anaitwa nani?"

"Simba," nikajibu.

Kule nyuma ya kaunta, yule kijana, ambaye alikuwa bado hajamaliza zamu yake, akapaza sauti ukumbi mzima:

"Dada! Bosi amesahau bakuli lake!"