Sufuria Ing'ae, Lawama Abebe Mke

Juzi kikundi chetu cha WhatsApp cha ukoo, hapa Kisumu, kiliingiwa na ule ujumbe unaozunguka kila mwaka: alumini ya sufuria na ya deodoranti huvuruga homoni, ndiyo maana wake wa siku hizi hawashiki mimba. Dakika haikuisha, shangazi akaandika, "Mwambieni mke wa fulani." Mke wa fulani yumo kikundini. Alisoma, akanyamaza.

Ujumbe si uongo mtupu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Philippa Darbre wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, aliandika tangu miaka ya 2005 na 2006 kwamba alumini, ndani ya seli za maabara, inaweza kujifanya kama estrojeni, homoni ya kike. Mwaka 2006 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, walishusha kiwango cha juu kinachokubalika cha alumini ya chakulani kutoka miligramu 7 hadi 1 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, kwa kuhofia uzazi na ubongo unaokua. Mwaka 2011 wakakiweka 2. Hofu hiyo ilitokana hasa na wanyama wa maabara. Kwa binadamu, utafiti wa Waingereza na Wafaransa wa mwaka 2014 ulipima manii ya wanaume 62 wa Ufaransa, ukakuta alumini nyingi zaidi kwa wenye mbegu chache. Hilo halithibitishi kwamba alumini ndiyo iliyozipunguza. Lakini waliopimwa ni wanaume, shangazi. Wanaume.

Halafu kuna huu mng'ao. Kwetu sufuria ni cheti cha ndoa: mama mkwe akiingia jikoni huigeuza aitazame matako. Basi mke anaisugua kwa waya na majivu mpaka ajione uso. Ule weusi unaobaki ndani baada ya kuchemsha maji, tunaouita uchafu, ndio ngozi inayozuia alumini isitoke. Majivu yana ukali wa magadi, yanaila, waya unamalizia. Kisha tunamwagia nyanya, tunakamulia omena ndimu, na mboga inalala humo hadi asubuhi. Agulu ya bibi, chungu cha udongo, haikuwahi kuona waya, na samaki wake sijamwonja tena popote.

Mimi ningeihofia zaidi risasi, ile metali yenye sumu (lead). Sufuria zinazotengenezwa kwa kuyeyusha injini kuukuu na vyuma vya kuokota zilipopimwa Kameruni, utafiti wa 2014, zilitoa risasi katika majaribio ya kuiga upishi kwa asidi ya siki, na madhara ya risasi kwa mimba na kwa watoto hayana ubishi. Fundi wetu wa jua kali hana kosa, anayeyusha anacholetewa. Kifaa cha kupimia ndicho hana.

Nikaandika kikundini: "Na mume, amepimwa?" Alama za buluu zikajaa. Baada ya nusu saa baba mdogo akatuma picha ya Gor Mahia.