Moyo ulionenepa si moyo mjinga

Jirani yangu wa Langoni, mtaa wa Lamu, alirudi na karatasi ya eko ya moyo, picha ya mawimbi ya sauti: ukuta wa chumba cha kushoto cha chini, milimita 14. Wa kawaida hauzidi 11 hivi. Kahawa haijapoa, baraza ikawa na pande mbili. Mmoja akasema, "Ami, moyo ukinenepa si ndiyo nguvu?" Mwana wa jirani, muuza dawa, akakata: ni ugonjwa huo, na kilichoharibika kimeharibika.

Mimi niko karibu na yule wa kwanza, ila si kwa sababu aliyoitoa.

Mkazo kwenye ukuta wa moyo hupanda presha ikipanda, hushuka ukuta ukinenepa. Mwaka 1975 William Grossman na wenzake walipima mioyo ya watu iliyolemewa na presha, wakakuta unene ule umerudisha mkazo karibu na kawaida. Moyo ulipiga hesabu, ikatoka sawa.

Tena haukuongeza nyuzi tu. Mayosini, protini inayovuta msuli, ina sura mbili: alfa, yenye kasi na mlafi wa nishati; na beta, ya polepole, isiyotumia ovyo. Mwaka 1979 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa moyo wa panya ukilemewa huacha alfa na kushika beta. Wengi huliita jambo hili kuchakaa. Mtazame punda anayepanda kutoka gatini. Akiwa mtupu hukata usita, kichochoro chetu, mbio, watu wanajibana ukutani. Akitwikwa magunia ya mchanga hushusha kichwa, hatua zikawa fupi, kwato moja moja. Nani humwita mgonjwa?

Basi hapa kuna tarakimu inayoninyima usingizi. Moyo wa panya mzima ni alfa karibu wote, na hupiga mara mia kadhaa kwa dakika. Wa binadamu hupiga 70 hivi, na chumba kile cha kushoto kina alfa kama asilimia 7 tu. Yaani sisi ni punda aliyetwikwa tangu kuzaliwa. Tubadilishe nini tena? Ningependa kusema asilimia 7 si kitu. Lakini mwaka 2002 vipande vya seli za moyo wa panya vyenye alfa asilimia 12 vilipimwa, vikafanya kazi kwa uwezo uliozidi kwa nusu hivi ule wa vipande visivyo nayo. Na katika mioyo ya watu iliyoshindwa, ile 7 yetu hupotea karibu yote. Kwa hiyo ubanaji huu wa nishati una gharama, na anayeanza na akiba ndogo huilipa mapema.

Upande wa kijana una mengine. Pampu inayorudisha kalisiamu, ile inayoamsha msuli kuvuta, hupungua, moyo ukachelewa kulegea. Kolajeni, nyuzi ngumu za kovu, hutambaa katikati ya seli. Kuna hata panya waliotengenezwa wasinenepe moyo, wakabanwa mshipa mkuu ili moyo ulemewe, na moyo wao haukudhoofika sana kama wa wenzao. Hilo silipuuzi. Ila waliangaliwa kwa wiki, si miaka 20 ya presha.

Alipokosea ni pale aliposema kilichoharibika kimeharibika. Nusu ya mayosini ya moyo wa panya hubadilishwa kwa mpya ndani ya wiki hivi. Moyo ni nyumba inayojengwa upya huku watu wamo ndani. Katika jaribio la LIFE, lililochukua watu 9,193 wenye presha na dalili za moyo ulionenepa, waliopungua uzito wa moyo kwa dawa walipata kiharusi na vifo vya moyo vichache zaidi. Shusha mzigo, fundi atabomoa ukuta mwenyewe. Kovu la kolajeni ndilo huwa gumu kuondoka, ndiyo maana kuchelewa kuna hasara.

Jirani amepewa vidonge vya mwezi mmoja. Jana nilikula kwake: achari ya embe bado iko mezani, mkewe ameisogeza upande wa wageni.