Darcy Akipewa Kalamu, Atuambie Tusichokijua

Siku hizi watu wanapenda kuchukua riwaya ya mapenzi iliyosimuliwa upande wa msichana na kuiandika upya, mwanamume akiwa ndiye msemaji. Stephenie Meyer aliifanyia hivyo Twilight yake mwenyewe mwaka 2020. Jane Austen alikwisha kufa zamani, kwa hivyo Bwana Darcy wa Pride and Prejudice, kitabu cha mwaka 1813, amesemewa na kila aliyejisikia. Sina ugomvi na mtindo wenyewe. Nina ugomvi na uvivu.

Juzi juzi mwanafunzi mmoja hapa Kisumu aliniletea sura za kwanza za hadithi yake. Amemhamishia Darcy Milimani, amempa gari kubwa na mashamba ya miwa kule Muhoroni, na kusema kweli binti ana mkono mzuri. Shida ni kwamba kila tukio ni lile lile. Darcy anafika kwenye karamu, anakataa kucheza, anatoa lile neno la dharau, ila sasa tumeongezewa kwamba moyo ulikuwa ukimdunda. Tulishajua! Austen alitudokezea mapema kwamba macho ya Elizabeth, msichana mwenye hadithi, yamemnasa bwana yule. Utamu ni kwamba sisi tunaona na Elizabeth haoni. Ukituingiza kichwani mwa Darcy toka mwanzo, fumbo umeliua, na sijui umetupa nini badala yake.

Mke wa mjomba wangu husema kwamba siku ya kwanza kumwona mjomba, kwenye dansi ya Krismasi kule Ahero, alijua ni mtu wa maringo. Benga inapigwa, kila mtu yuko uwanjani, yeye amekaa tu kitini ananuna. Mjomba naye, ukimkuta na chai yake jioni na mkewe hayuko karibu, atakusimulia viatu. Alikuwa ameazima vya rafiki yake, vimembana mpaka vidole vimekufa ganzi, na alijua akisimama atachechemea mbele ya yule msichana. Dansi ni moja, lakini mkewe asingeweza kukwambia habari ya viatu.

Viatu vya Darcy viko London. Wickham, adui yake wa siku nyingi, amemtorosha Lydia, mdogo wake Elizabeth; Elizabeth amekimbilia kwao kwa aibu na majonzi, na Darcy anatupotea kabisa. Baadaye Lydia anaropoka, kisha inakuja barua ya Bi Gardiner (naye ni mke wa mjomba), ndipo tunaambiwa alikuwa wapi. Alimwendea Bi Younge, yule mlezi wa zamani wa dada yake aliyekula njama na Wickham ili binti huyo naye atoroshwe. Kupitia kwake akajua wanakojificha. Akalipa madeni ya Wickham, akamnunulia cheo jeshini, na siku ya ndoa akasimama kanisani kama shahidi wa kitu alichokichukia. Hebu fikiria mtu mwenye kiburi kile akibisha hodi kwenye mlango ule. Fikiria akiketi kuvutana bei na adui yake, tena bei ya harusi, na asitake Elizabeth ajue hata senti moja. Austen anayamaliza hayo kwa barua. Riwaya nzima imelala pale, na mwanafunzi wangu yuko bado kwenye karamu.

Si kila pengo la kuzibwa, lakini. Heathcliff wa Wuthering Heights anaondoka hana kitu, anarudi baada ya miaka mitatu na pesa zake, na Emily Brontë hasemi alizitoa wapi. Paache. Ukishatuonyesha risiti, Heathcliff anabaki mtu mwenye hasira tu.

Na kumpa shujaa sauti si lazima kumtetea. Jean Rhys alipoandika Wide Sargasso Sea, 1966, watu walimsifu kwa kumpa nafasi yule mke wa kwanza aliyefungiwa darini katika Jane Eyre. Wachache hukumbuka kwamba sehemu kubwa ya katikati anaisimulia mume, ambaye hata jina hakupewa. Kadiri anavyojieleza ndivyo anavyojishtaki. Waandishi wengi wa mtindo huu wanataka tumpende shujaa zaidi. Rhys alimwachia kamba ndefu, akajifunga mwenyewe.

Binti yule nimemwambia aachane na Uingereza kwanza, asome "The Rain Came" ya Mkenya mwenzetu Grace Ogot, iliyomo kwenye Land Without Thunder ya mwaka 1968. Si riwaya, ni hadithi fupi, lakini shujaa wake hajaguswa bado. Oganda, binti wa chifu Labong'o, anapelekwa ziwani aliwe na zimwi ili mvua inyeshe. Tunatembea naye njia nzima. Osinda, kijana anayempenda, anatokea mwishoni na mavazi mawili ya majani ya kuwakinga na macho ya mababu na ghadhabu ya zimwi. Wanakimbia, na mvua inanyesha.

Ni lini alianza kukata matawi yale? Alimuaga nani nyumbani? Msomaji anajua mvua ilikuja, Osinda hakujua. Kijiji kizima kilikuwa kinakufa kwa kiu, na mama yake mzazi huenda alikuwemo, naye akaamua kumwibia zimwi chakula chake. Sura ya kwanza ianzie hapo.