Motokari Isiyobonyea

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuwa amekaa mbele ya televisheni, maneti (kidude cha kuchezea gemu) mkononi, anakimbiza gari jekundu la Kiitaliano ambalo ukoo wetu wote hauwezi kulinunua hata tukiuza kiwanja cha babu. Kwenye kona ya mwisho akachelewa kukanyaga breki. Gari likaingia ukutani kwa kilomita 240 kwa saa. Mlio mkubwa, kioo cha televisheni kikatikisika kidogo, halafu gari likarudi barabarani na kuendelea na safari yake. Kwenye bampa palikuwa na mkwaruzo mweupe, urefu wa kidole. Basi.

Papa fundi, jirani yetu anayenyoosha mabati ya magari hapa Katuba, Lubumbashi, tangu mimi sijaanza shule, alikuwa amekuja kuchaji simu maana upande wao umeme ulikuwa umekatika. Akasogeza kiti karibu.

"Weye, ile motokari iko ya mupira?"

Mdogo wangu akacheka. Papa fundi hakucheka, alikuwa anauliza kweli. Mtu ambaye mikono yake imefungua mamia ya boneti zilizokunjika anajua ukuta unafanya nini na bati. Rejeta inatoboka, taa zinatoka na nyaya zake, mlango wa dereva unagoma kufunguka, na mwenye gari anaanza kutafuta shemeji wa kumkopesha.

Nikajaribu kumweleza. "Papa, si kwamba waliotengeneza gemu hawajui kuchora gari lililovunjika. Wanajua sana. Ni wenye kiwanda hawataki."

"Kiwanda cha gemu?"

"Hapana papa, kiwanda cha gari."

Akaniangalia kama mtu anayedanganywa bei.

Mambo yenyewe yako hivi. Nikisema leseni, sisemi ile karatasi unayoipapasa kwenye dashibodi ukiona polisi wa barabarani. Nasema ruhusa. Ukitaka kuweka gari la kweli ndani ya gemu, kwa jina lake, umbo lake na nembo yake, lazima ukubaliane na kiwanda kinacholitengeneza. Kiwanda kinakuja na masharti. Kila kimoja kina yake, lakini sharti linalojirudia ni kwamba gari lisionekane kama jeneza. Lichubuke, sawa. Libonyee kidogo, labda. Paa lisishuke mpaka kwenye kiti, na dereva asiumie. Kiwanda kinatumia fedha nyingi sana kutuaminisha kwamba gari lake ni salama, hakitaki mtoto aone usukani umeingia kifuani mwa mtu, hata kama huyo mtu ni wa kuchora.

Hilo naweza kulielewa. Ningekuwa mwenye kiwanda ningefanya hivyo hivyo. Lakini mimi si mwenye kiwanda, mimi ni mchezaji, na gemu ambayo kosa halina gharama inanichosha baada ya juma moja. Kwa nini nifunge breki wakati ukuta unanisaidia kukata kona? Wanaocheza kwenye intaneti wanalijua hili vizuri: wako wanaotumia gari lako kama breki yao. Wanakugonga ubavuni, wanageuka, wanakwenda.

Linganisha na Burnout 3: Takedown ya mwaka 2004. Watengenezaji wake, Criterion, walitumia magari ya kubuni, hakuna hata moja lenye nembo ya kweli. Kwa hiyo waliyavunja wapendavyo: vioo vinamwagika, magurudumu yanaruka, gari linapinduka mara nne na kulala katikati ya barabara kuu likisubiri lori. Kulikuwa na sehemu nzima ya gemu ambayo kazi yako ni kusababisha ajali kubwa kadiri uwezavyo, na unahesabiwa hasara uliyoleta. Hakuna kiwanda kilichokuwa na sababu ya kupiga simu kulalamika. Tuliicheza kwenye PlayStation 2 huko Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi), katika chumba chenye televisheni nne na pazia la kitenge mlangoni, na kila gari lilipopinduka hata wapita njia walichungulia.

Tuseme ukweli, diski zetu zilikuwa za kunakiliwa. Ziliuzwa kwenye mfuko wa plastiki, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ikigoma, mwenye chumba anaitoa, anaipulizia pumzi, anaifuta na shati lake kutoka katikati kwenda nje, anairudisha. Ninayo moja mpaka leo. Gran Turismo 4, gemu yenye magari zaidi ya 700. Ina mikwaruzo kuliko ndara zangu, na inafunguka.

Ndani ya gemu hiyo, kati ya Nissan za mashindano na Mercedes za kizamani, niliikuta Toyota Vitz. Vitz! Gari ambalo shangazi yangu alikuwa akilipanda kwenda sokoni, watu watatu mbele na wanne nyuma. Nililinunua kwa pesa za gemu, nikaliendesha kwenye mzunguko wa Nürburgring polepole, nikitazama tu. Siwezi kuwaeleza vizuri furaha ile. Ni kama kusikia jina la mtaa wenu likitajwa redioni.

Kwa hiyo msinielewe vibaya, majina ya kweli nayapenda. Ndiyo maana nakasirika.

Miaka michache iliyopita nilianza kuweka akiba ya kununua gemu moja ya mbio, ya halali safari hii, maana nilikuwa nimepata kazi na nilitaka kuacha uhuni. Gemu ilikuwa ghali, nikangoja ishuke bei. Niliweka dola kumi mwezi huu, tano mwezi ule. Binamu yangu aliye Ndola, Zambia, ana kadi ya benki inayokubalika kwenye duka la intaneti, tukakubaliana yeye alipe, mimi nimtumie pesa kupitia kwa dereva wa lori. Siku pesa zilipofika akanipigia simu. "Yaya, naona picha, naona maelezo, kitufe cha kununua hakionekani." Tukadhani ni mtandao. Akajaribu tena kesho yake. Kumbe gemu ilikuwa imeondolewa sokoni wiki iliyotangulia. Mkataba wa magari ulikuwa umekwisha.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ruhusa ya kiwanda ina tarehe ya kuisha, kama dawa za malaria. Na si gemu ndogo tu. Forza Horizon 4 ilitoka mwaka 2018, ikaacha kuuzwa tarehe 15 Desemba 2024. Forza Horizon 3 ya 2016 iliondolewa 2020. Forza Motorsport 7 ya 2017 haikumaliza hata miaka minne madukani, iliondoka Septemba 2021. Aliyenunua kabla anaendelea kucheza, ni kweli. Aliyekuwa bado anakusanya tano tano amekula hasara ya kungoja.

Hata aliyenunua asijisifu sana. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, ramani yake ilikuwa Marekani nzima iliyopunguzwa, uliweza kuendesha kutoka New York mpaka Los Angeles bila kusimama. Ilihitaji seva, yaani kompyuta za kampuni unazozifikia kwa intaneti, hata ukicheza peke yako. Desemba 2023 ikaondolewa madukani, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Kampuni ilitaja mambo mawili: mitambo ya seva na vikwazo vya leseni. Waliolipa walibaki na kiboksi. Kwa hasira hiyo Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, na mwaka 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2024 inayotaka maduka ya kidijitali yamwambie mteja wazi kwamba anapewa leseni tu, hanunui kitu. Asante kwa ukweli, lakini bei haijapungua.

Kitu cha seva kinaniudhi kwa namna nyingine pia. Gran Turismo 7 inataka intaneti karibu kwa kila kitu, hata kama unashindana na kompyuta. Machi 2022, wiki mbili hivi tu baada ya kutoka, seva zake zilikaa chini kwa zaidi ya saa 30 na dunia nzima ikapiga kelele. Sisi huku tulicheka kidogo. Saa thelathini bila? Karibuni mtaani. Lakini hapa tatizo linazidishwa: umeme uwepo, mega za intaneti ziwepo, na huko mbali nako wawe wameamka vizuri. Mambo matatu yakutane ndipo mtu akimbize gari peke yake.

Nije kwa Toyota, maana hii nimeihifadhi muda mrefu.

Kwa miaka kadhaa magari ya kawaida ya Toyota yalipotea kwenye gemu nyingi za mbio. Need for Speed: Most Wanted ya 2005 ilikuwa na Supra. Need for Speed Heat ya 2019 haikuwa na Toyota hata moja. Forza Horizon 4 nayo ilianza bila magari yake ya barabarani, yakarudi baadaye kidogo kidogo. Mwaka huo wa 2019 ukurasa wa Toyota ya Uingereza kwenye Twitter uliwajibu mashabiki kwamba magari yao ya kawaida yako kwenye gemu ya Gran Turismo Sport tu, kwa kuwa gemu hiyo haihamasishi mbio haramu za mitaani. Ujumbe ukafutwa, lakini tulikuwa tumeshausoma.

Mbio haramu za mitaani! Ndugu zangu wa Toyota, njooni msimame barabara ya Kasenga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtaona Hiace yenye volanti (usukani) ya kuume katika nchi inayoendesha kuume, konda ananing'inia mlangoni, dereva anamkata mwenzake ili awahi abiria watatu, bampa limeshonwa kwa waya. Hakuna aliyeomba leseni ya kuitumia nembo yenu pale. Na hakuna tangazo lililowahi kuwasifia kuliko ile Hiace, maana baada ya yote hayo, jioni inarudi nyumbani.

Yaani gari ambalo mjini kwetu linapigwa, linapinduliwa, linanyooshwa, linapakwa rangi na kurudi kazini, kwenye gemu linatakiwa liwe bikira au lisiwepo kabisa.

Porsche ilikuwa kisa kingine. Kwa miaka karibu 16, mpaka mwisho wa 2016, EA, kampuni ya Need for Speed, ilishikilia haki ya kutumia Porsche kwenye gemu karibu peke yake. Wengine wengi wakalazimika kutumia RUF, kampuni ya Kijerumani inayojenga magari yake kwa umbo la Porsche. Ni kama tajiri mmoja anunue unga wote unaovuka mpaka wa Kasumbalesa, halafu sisi wengine tuambiwe muhogo nao ni unga. Muhogo ni mtamu, sikatai, lakini niliomba ugali wa mahindi.

Rafiki yangu mmoja ananipinga: gemu isiyo na majina ya kweli nani atainunua? Nina shida ya kumjibu, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia kwa ajili ya Vitz ya shangazi. Ningewekewa Vitz na gari la kubuni siku ile ningechagua Vitz. Ninachomwambia ni kwamba siku ile hakuna aliyeniambia Vitz itakuja kuchukuliwa. Kama ni ya kuazima, niuzieni kwa bei ya kuazima.

Jumapili mdogo wangu aliweka Wreckfest, gemu ya 2018 kutoka Finland. Magari yake yamekaa kama vitu unavyovijua, ila hakuna jina unalolijua. Papa fundi alikuwa amerudi kufuata chaji yake aliyoisahau. Mbio zilianza, na kwenye kona ya kwanza magari saba yakakumbatiana. La mdogo wangu lilitoka pale boneti imesimama kama mlango wa kabati, gurudumu la mbele limelala, moshi unatoka.

Papa fundi akaiweka chaji mezani na kukaa.

"Hiyo rejeta imekwenda," alisema. "Na mkono wa chini umekunjika. Muache asimame, asiue injini."

Mdogo wangu alikanyaga mafuta.

"Mutoto, simama! Utalipa injini mupya!"

Alibaki mpaka saa tatu usiku. Kila gari lililogongwa alilitajia bei ya kunyoosha, kwa franka na kwa dola, na la mwisho akasema hilo hawezi kulipokea, walipeleke kwa wanaouza vyuma chakavu.